Ninatumika kanisani kila wiki, lakini sala yangu imekauka: je, niache uongozi wa kwaya?

Katibu wa Kwaya, Kigoma Mjini

Tumsifu Yesu Kristo. Huu ni mwaka wangu wa nne nikiwa katibu wa kwaya parokiani kwetu. Siku mbili za wiki tuna mazoezi, Jumamosi alfajiri ninasali na jumuiya ndogo ndogo, na Jumapili ninafika kanisani kabla ya wengine ili kukagua kinanda, vipaza sauti na daftari la mahudhurio. Anayenitazama kwa nje anaweza kudhani kwamba ninaishi karibu sana na Mungu.

Jumapili iliyopita, baada ya kupokea Komunyo, niliinamisha kichwa kama kawaida, na nilipojitambua nilikuwa ninawahesabu waimbaji wa besi ambao hawajamaliza mchango wa sare. Jambo hilo lilinitisha. Usiku nikipiga magoti, maneno yanatoka kama muhtasari wa kikao: yatokanayo, taarifa ya fedha, mengineyo. Sijafiwa, sina ugomvi na mtu, wala hakuna dhambi ninayoificha kwa muungamishi wangu. Zamani, nilipokuwa kijana ninayeshuka kila jioni kuchota maji ziwani, niliweza kuzungumza na Mungu njia nzima bila kutafuta maneno. Ninaomba ushauri wa waliopita njia hii: je, niache ukatibu ili nimtafute Mungu?

Msomaji wa Kasulu

Acha, ndugu yangu. Soma Luka 10: Martha alihangaika kwa utumishi mwingi, lakini Maria, aliyeketi miguuni pa Bwana, ndiye aliyesifiwa. Kwaya itapata katibu mwingine.

Mama Mstaafu, Tabora

Mwanangu, Bwana asifiwe. Mimi ni Mmoraviani, kwa hiyo utanisamehe nikiingia katika mambo ya parokia yenu. Sikubaliani na ndugu wa Kasulu, kwa sababu habari za Martha haziishii katika Luka. Katika Yohana 11, Lazaro alipokuwa amekufa, Maria alibaki nyumbani, na Martha huyo huyo wa jikoni ndiye aliyetoka kumlaki Yesu njiani, akamweleza uchungu wake waziwazi, kisha akamkiri kuwa Kristo. Mikono yenye kazi haikumzuia.

Ninachokiona kwako ni suala la saa. Umesema unapiga magoti usiku, baada ya mazoezi, vikao na simu za wanakwaya. Yaani unampa Mungu kiporo cha siku, halafu unashangaa kwamba kimepoa. Wazee wa kanisa letu kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727 waligawana saa za mchana na za usiku, kila mmoja akasali katika saa yake, na zamu hizo zikaendelea kwa takriban miaka 100. Ninaupenda utaratibu huo kwa sababu mtu hakusubiri ajisikie kusali. Zamu yake ilipofika, aliianza. Zamu yangu mimi ni saa kumi na moja alfajiri, kabla sijawasha mkaa. Ninasoma neno la siku katika kile kijitabu chetu ambacho kilianza kuchapishwa mwaka 1731, na baada ya hapo ninanyamaza kidogo. Zipo siku ambazo ninasikia utamu moyoni, lakini nyingi ninasema tu, "Bwana, nipo," kisha ninaendelea na uji. Sikudanganyi kwamba siku za utamu ni nyingi kuliko hizo.

Mvuvi wa Katonga

Kaka katibu, sisi wavuvi wa dagaa tunafanya kazi katika usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi inapoangaza sana inashindana na taa zetu na dagaa hawakusanyiki vizuri. Kwa hiyo Jumapili nyingi ninafika mwaloni wakati misa imekwisha, na sala yangu kubwa ninaifanyia ndani ya mtumbwi, taa zikiwa zimewashwa na sisi tukisubiri kimya. Mwanzoni nilijaribu Rozari, lakini nilikuwa ninasinzia kabla ya fungu la pili. Siku hizi ninawataja watu mmoja mmoja, pamoja na tajiri mmoja aliyewahi kutukata malipo, ambaye kumtaja kulinichukua miezi.

Wahubiri wanapenda kututumia kama mfano, na mara nyingi wanasahau kwamba mvuvi huchoka. Katika Luka 5, Simoni hakushusha nyavu kwanza. Alianza kwa kumwambia Yesu kwamba wamehangaika usiku kucha bila kupata kitu. Sasa nikuulize: hao wanabesi uliokuwa ukiwahesabu, umewahi kuwataja mbele ya Mungu kwa majina, mbali na madeni yao? Huenda anayedaiwa sare ana mtoto mgonjwa. Mimi nisingelifukuza wazo lile. Ningeligeuza papo hapo kuwa sala.

Katibu wa Kwaya, Kigoma Mjini

Shikamoo mama wa Tabora, na asanteni nyote. Ukatibu sijauacha, ila daftari la mahudhurio nimemkabidhi msaidizi wangu, na wiki hii nimeamka saa kumi na moja mara tatu kati ya saba. Jana, baada ya Komunyo, hesabu ilinijia tena. Nilianza na jina la kwanza katika orodha ya wadaiwa, nikagundua kwamba mwaka mzima nimempigia simu kuhusu mchango bila kumuuliza habari za nyumbani. Sikufika jina la tatu, wimbo wa shukrani ukaanza, nami nikauingia nikiwa nimechelewa ubeti mzima.

Mvuvi wa Katonga

Hao wawili wanatosha kwa jana, kaka. Wiki ijayo ni mbalamwezi, nitakuwepo misa ya kwanza. Unitafute upande wa nguzo za nyuma.