Nimepakua DC-3 ya bure kwenye simyuleta, kila nikitaka kuruka inakimbilia kushoto. Kasoro ni ya ndege au ni yangu?

Anga_Tulivu
Habari zenu wakuu. Hii ni wiki ya tatu nahangaika na jambo moja, nimeona nililete kwa wanaojua zaidi.

Natumia X-Plane 12, programu ya kuigiza urushaji wa ndege kwenye kompyuta, na joistiki ya kawaida, ile unayoizungusha kwa kiganja ili kugeuza usukani wa mkia. Pedali sina. Nimeruka muda mrefu na Cessna 172, ile ndogo ya injini moja inayokuja na programu yenyewe, na ninaitua vizuri. Sasa nimepakua DC-3 ya bure, ile ndege ya zamani ya propela mbili, maana ndege hii naipenda tangu utotoni. Aliyeitengeneza amejitoa kwelikweli: chumba cha rubani kimechorwa kwa uangalifu hadi unaona rangi iliyochubuka kwenye wenzo za nguvu, pale mikono ya marubani inaposhika.

Shida inaanza kwenye njia ya kurukia. Nikisukuma nguvu, pua inakimbilia kushoto. Nikiirudisha inapitiliza kulia, naishia kwenye nyasi. Mara chache nikifanikiwa kwenda moja kwa moja, nasubiri mwendo ufike 80 ndipo navuta. Inainuka kidogo, inalalia bawa moja, inaanguka. Nimejaribu zaidi ya mara ishirini.

Je, ndege za bure ndivyo zilivyo? Niifute, au kuna kitu sijakifahamu? Natanguliza shukrani.

Bawa_la_Chuma
Mkuu, ifute. Za bure zina sura nzuri lakini tabia ya kuruka hakuna. Mimi nilishajaribu kama tano, zote zilinichosha.

Kituo_Njiwa
@Bawa_la_Chuma hapo sikubaliani nawe ndugu yangu. Boeing 737-800 iliyotengenezwa na Zibo ni ya bure, na kuna watu wameacha za kulipia kwa ajili yake. Upande wa simyuleta nyingine, Microsoft Flight Simulator, kuna A32NX ya kikundi cha FlyByWire, inayoiga Airbus A320neo, nayo ni ya bure, na mifumo yake inaigwa kwa undani kuliko ile A320neo iliyokuja na simyuleta ya 2020. Ndege kuwa ya bure maana yake ni kwamba hukuilipia. Ubora unaupima kwa kuirusha.

Anga_Tulivu, tusaidie kwanza: hiyo ndege ilitengenezwa kwa X-Plane 11 au 12? Na upepo uliuweka vipi?

Anga_Tulivu
Faili la maelezo linasema 11, kisha ikafanyiwa marekebisho kwa ajili ya 12. Upepo ni wa hali ya hewa halisi, sikuugusa. Sasa naona ulikuwa noti 9 (yaani maili 9 za baharini kwa saa) kutoka ubavuni.

MkiaChini
Mkuu usiifute. Hayo uliyoyaeleza ndiyo tabia ya DC-3 yenyewe, na ningeitilia shaka ndege hiyo kama isingekuvuta kushoto. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, univumilie.

Cessna 172 ina gurudumu la mbele. Uzito wake uko mbele ya magurudumu makuu, kwa hiyo ikipinda kidogo inajirudisha yenyewe. DC-3 gurudumu dogo liko mkiani, na uzito uko nyuma ya magurudumu makuu. Ikianza kupinda, uzito unasukuma mkia uzidi kwenda kulekule ulikoelekea. Ukichelewa nusu sekunde, unahitaji kurekebisha mara mbili zaidi. Ndiyo maana unapitiliza kulia: unasubiri uione imepinda, halafu unairudisha kwa nguvu. Kwa ndege za mkia chini unagusa kidogo, unaachia, unagusa tena, tangu gurudumu linapoanza kuzunguka hadi unaposimama kabisa.

Kushoto inatoka wapi? Propela zote mbili za DC-3 zinazunguka upande mmoja, kulia ukitazama kutoka chumba cha rubani. Mkia ukiwa chini, ndege imeinua pua, na panga linaloshuka upande wa kulia wa kila propela linakata hewa kwa pembe kubwa kuliko linalopanda. Kwa hiyo msukumo unaegemea kulia na pua inakwenda kushoto. Mkia unapoinuka, mzunguko wa propela unaongeza mvuto mwingine wa kushoto, huo wa muda mfupi. Na usukani wa mkia uko katikati wakati injini ziko pembeni, kwa hiyo upepo wa propela hauupigi sawasawa kama kwenye Cessna. Mwanzoni kabisa mwa mbio usukani huo karibu haufanyi kazi.

Fanya hivi. Zima upepo kabisa kwa sasa. Ingia kwenye njia, tembea mita chache ukiwa umenyooka, kisha funga gurudumu la mkia. DC-3 ina wenzo wake wa kulifunga, na mtengenezaji makini huwa ameuweka, utafute karibu na wenzo za nguvu. Halafu sukuma nguvu polepole mno, hesabu hadi kumi au zaidi, ukitanguliza injini ya kushoto kidogo. Usukani ukishashika hewa, sawazisha injini zote mbili. Kwa nguvu kamili ya kuruka injini zile za nguvu-farasi 1,200 zinataka shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini la inchi 48 za zebaki na mizunguko 2,700 kwa dakika. Usifikishe hapo papo hapo.

Sasa hiyo 80 yako. Itazame saa ya mwendo kwa karibu. DC-3 nyingi zina saa zinazosoma maili kwa saa, na aliyeitengeneza hii huenda ameiga saa halisi. Kama ni maili, 80 yako ni noti 70 tu, na wewe umetoka kwenye Cessna inayosoma noti. DC-3 ikiwa nzito hupanda kwa usalama karibu na noti 84, yaani maili 97. Unaivuta kabla haijawa tayari, inainuka kwa sababu iko karibu na ardhi, kisha bawa linaishiwa hewa. Acha mkia uinuke wenyewe, ngoja, kisha vuta taratibu.

Bawa_la_Chuma
Hili la maili na noti sikuwahi kulifikiria. Nakubali nilikimbilia kusema ifutwe.

Kisanduku_Cheusi
Naongeza ya upande wa mipangilio, maana mikono inaweza kuwa sawa na kompyuta ikakuangusha.

Fungua ukurasa wa uzito na mafuta kabla ya kuruka. Angalia kitovu cha uzito kimekaa wapi. Kikiwa nyuma sana, mkia hauinuki kirahisi na tabia ya kupinda inazidi. Weka katikati, mafuta nusu, abiria wachache.

Kisha mipangilio ya joistiki. Mhimili wa kuzungusha kwenye joistiki nyingi unatikisika pale katikati, kwa hiyo weka eneo dogo lisilosoma kitu, na mwitikio uwe mpole karibu na katikati. Vile vitelezi vya kusaidia uthabiti virudishe sifuri, vinakuficha ndege halisi. Ukimaliza, rudi kwenye Cessna 172 uruke nayo mara moja. Ikienda sawa, joistiki ni nzima na unaweza kuiamini.

Ndege ya X-Plane 11 ikifunguliwa kwenye 12 inaweza kubadilika tabia, kwa hiyo usiache kusoma faili la maelezo. Kama kuna saa au swichi hazifanyi kazi, tazama Log.txt ndani ya folda ya X-Plane, plagini (programu-nyongeza) iliyoshindwa kuanza utaiona imeandikwa humo. Na usiimwage juu ya folda ya ndege nyingine, ipe folda yake ndani ya Aircraft. Jambo la mwisho: ndege za X-Plane kwa kawaida huja kama faili la zip. Ukikuta ya bure inayokutaka uendeshe faili la .exe kutoka tovuti usiyoijua, achana nayo.

Kituo_Njiwa
X-Plane 12 imekuja na Super Cub, nayo ni ya mkia chini. Ni nyepesi, ina injini moja, na makosa yake yanarekebishika. Jioni mbili tatu za kuruka na kutua nayo zitakufaa kabla ya kurudi kwenye DC-3.

Anga_Tulivu
Mrejesho wakuu, baada ya siku nne.

Saa ni ya maili kwa saa! Imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya mshale na sikuwahi kuisoma. Kitovu cha uzito kilikuwa nyuma kabisa, sijui tangu lini. Nilifanya Super Cub jioni mbili kama alivyosema Kituo_Njiwa, nikazima upepo, nikafunga gurudumu la mkia, nikasukuma nguvu polepole. Mara ya tatu DC-3 ikanyooka. Mkia ukainuka wenyewe, nikasubiri hadi 97, nikavuta kidogo tu. Nimezunguka uwanja mzima kwa futi 1,000 nikisikiliza zile injini, na sikutaka kutua.

Kutua ndiko bado. Magurudumu makuu yanagusa vizuri, lakini mkia ukishuka inazunguka ghafla.

MkiaChini
Hongera sana mkuu. Magurudumu makuu yakigusa, sukuma joistiki mbele kidogo, ushikilie mkia juu huku mwendo ukipungua, na breki usiziguse. Mkia ukishuka wenyewe, vuta joistiki hadi mwisho ili gurudumu la nyuma likandamizwe chini, na hakikisha ulilifunga kabla ya kutua. Wengi hulifungua wakitembea kwenda njiani, wanasahau kulifunga tena.

Anga_Tulivu
Sikulifunga. Narudi kujaribu sasa hivi.