Kampuni ya programu imefilisika: nipiganie hela, leseni au data?

karani_wa_stoo
Wakuu, habari za muda huu. Nimekwama, naomba mnisaidie kupima.

Natumia programu ya stoo na ankara mwaka wa nne sasa. Juzi imeingia barua pepe: kampuni iko chini ya mfilisi, seva zitazimwa baada ya siku 21, maswali yote yapelekwe kwake. Kwao nina vitu viwili. Kwanza, leseni ya maisha ya toleo la kompyuta, nililipa mara moja tu nilipoanza. Pili, huduma ya wingu (ile inayokaa kwenye seva zao, unaifikia kwa intaneti) ya mwaka mzima, ambayo kadi yangu ilikatwa wiki tano zilizopita. Yaani karibu miezi 11 nimelipia hewa.

Naona njia nne: nijiandikishe kwa mfilisi kama mdai, niende benki wanirudishie, ningoje, maana inasemekana kuna mtu anataka kuinunua kampuni, au nimeze hasara nihamie kwingine. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nimeshika nne. Ingekuwa wewe, ungeanza na ipi?

pilipili_kichaa
Leseni ya maisha... maisha ya nani sasa? 😂 Pole mkuu.

mzee_wa_mafaili
Pole sana. Nimewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya mfilisi, kwa hiyo ngoja nikuvunje moyo mapema ili usije ukavunjika baadaye.

Kampuni ikifilisika, wanaoidai hupangwa foleni. Mbele wanakaa wenye dhamana, mara nyingi benki au mwekezaji aliyekopesha. Kwa kampuni ya programu, dhamana yenyewe ndiyo msimbo (maandishi yanayounda programu), jina la biashara na orodha ya wateja, yaani karibu kila kitu chenye thamani. Zinafuata gharama za ufilisi, kisha mishahara ya wafanyakazi, na katika nchi nyingi kodi ya serikali. Wewe uko nyuma kabisa pamoja na mwenye jengo na aliyekuwa akiwakodisha seva. Kiwanda kikifa hubaki mashine za kupiga mnada. Kampuni ya programu ikifa hubaki viti, na viti vyenyewe ni vya kukodi.

Kuna nchi zinazomsogeza mlaji mbele kidogo. Marekani, kifungu cha 507(a)(7) cha sheria ya ufilisi kinampa kipaumbele mtu aliyelipa kabla kwa huduma ambayo hakuipata, hadi dola 3,800 kuanzia Aprili 2025. Lakini soma vizuri: ni kwa matumizi binafsi, ya familia au ya nyumbani. Wewe mwenye ankara za biashara huhusiki. Swali la kwanza katika haya mambo yote ni hilo, kama sheria inakuhesabu mlaji au mfanyabiashara, na watu wengi hawajiulizi mpaka wakataliwe.

Hata hivyo fomu ya madai ijaze. Ni kazi ya nusu saa. Andika kiasi cha miezi iliyobaki, ambatanisha risiti, wahi tarehe ya mwisho, halafu isahau. Leseni ya maisha usiitegemee kwenye fomu. Mfilisi atasema bidhaa ulishakabidhiwa siku ile ile uliyolipa, na kwa kweli ana hoja.

binti_wa_benki
Mzee amesema kweli, ndiyo maana nakwambia usianze kwa mfilisi. Anza na kadi. Leo, siyo kesho.

Ukipinga muamala, benki yako haiidai kampuni iliyokufa. Inaidai benki iliyokuwa ikipokea malipo ya kadi kwa niaba ya kampuni hiyo, na hiyo benki iko hai. Kwa hiyo unaruka foleni yote aliyoeleza mzee. Dirisha la kawaida kwenye mitandao mikubwa ya kadi, kama Visa na Mastercard, ni siku 120, na kwa huduma iliyokatika njiani huhesabiwa kuanzia siku ilipokatika, siyo siku uliyolipa. Leseni uliyonunua miaka minne iliyopita imeshapita muda, iache. Dai miezi iliyobaki tu. Ukidai mwaka mzima wakati wiki tano umetumia, unampa mtu wa benki sababu ya kukukatalia.

Tofautisha vitu viwili. Kupinga muamala ni kanuni ya mtandao wa kadi, siyo sheria. Uingereza kuna sheria yenyewe: kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974 kinaifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike sawasawa na muuzaji, kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Hapo huombi hisani. Lakini ni kadi ya mkopo, siyo ile inayokata akaunti yako moja kwa moja. Hiyo ya pili inabaki na kanuni za mtandao tu. Na aliyehamisha fedha akaunti kwa akaunti, mlango huu kwake kwa kawaida umefungwa.

Kitu kingine: funga ruhusa ya kadi kujikata yenyewe. Akija mnunuzi anaweza kurithi mfumo wa malipo pamoja na tarehe yako ya kulipa.

karani_wa_stoo
Shukrani dada. Nimelipa kwa kadi ya kawaida, siyo ya mkopo. Napiga simu asubuhi.

seva_haina_huruma
Wote mnaongelea hela. Hela za miezi 11 atazisahau mwakani. Ankara za miaka minne zikipotea hatazisahau, na mkaguzi wa kodi hatazisahau pia.

Mwaka 2013 kulikuwa na kampuni ya kuhifadhi data wingu inaitwa Nirvanix. Katikati ya Septemba wateja waliambiwa watoe vitu vyao hadi mwisho wa mwezi. Wiki mbili! Baadaye wakaongezewa hadi katikati ya Oktoba, na tarehe 1 Oktoba kampuni ikaomba ufilisi rasmi. Wateja wengine walikuwa na data nyingi kiasi kwamba tatizo halikuwa ruhusa, lilikuwa upana wa bomba: kila mtu anapakua siku zile zile, kupitia mlango ule ule. Kwa hiyo siku 21 zako usizihesabu kama 21.

Kuhusu haki, Ulaya wamejaribu. Kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018, ibara ya 20, inakupa haki ya kupewa data zako binafsi katika mfumo ambao kompyuta nyingine inaweza kuusoma. Na direktivu (agizo la Umoja wa Ulaya kwa nchi wanachama) ya mwaka 2019 kuhusu maudhui ya kidijitali, inayotumika tangu Januari 2022, inamruhusu mlaji mkataba ukivunjwa adai hata vitu visivyo data binafsi ambavyo alivitengeneza humo mwenyewe. Nzuri sana kwenye karatasi. Ila kwenye kampuni ambayo wahandisi wote wameondoka, nani atakayebonyeza kitufe? Haki bila mtu upande wa pili ni barua isiyo na anwani. Pakua sasa wakati mashine bado inajiendesha.

Na ukipakua, fungua. Chukua CSV (faili la jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu), iingize kwenye programu nyingine kabisa, hesabu mistari, linganisha jumla ya mwezi mmoja na ile inayoonekana kwao. Nimeona mtu ana faili la megabaiti mia ambalo ndani yake kila tarehe ilikuwa imegeuka namba.

mama_sheria
Naongezea hapo kwa seva. Data zako ni mali pia, na mfilisi kazi yake ni kuuza mali. Mwaka 2000 duka la mtandaoni la Toysmart lilifilisika likataka kuuza orodha ya wateja, ilhali liliwaahidi kwamba taarifa zao hazitapewa mtu mwingine. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaenda mahakamani kuzuia. Mwaka 2025 ikawa zamu ya 23andMe, kampuni ya kupima vinasaba, na safari hii mali ilikuwa vinasaba vya watu. Mwanasheria Mkuu wa California aliwakumbusha wateja kwamba wana haki ya kuagiza data zao zifutwe. Mwishowe ilinunuliwa kwa dola milioni 305 na taasisi isiyo ya faida ya mmoja wa waanzilishi wake, Anne Wojcicki.

Kwako wewe, karani, majina na simu za wateja wako vimo kwenye ankara hizo. Omba zifutwe, lakini baada ya kupakua na kuhakiki. Siyo kabla! Na omba kwa maandishi, uhifadhi nakala.

fundi_nyaya
Mimi sikubaliani na wanaoipuuza njia ya tatu. Kungoja siyo ujinga kila mara. Insteon, wale wa vifaa vya taa na swichi za nyumbani, walizima seva Aprili 2022 bila hata kuaga. Juni mwaka huo huo kikundi cha watumiaji wao wenyewe kikanunua mali na kuwasha tena. Na Blender je, ile programu ya kuchora picha za 3D? Kampuni yake, NaN, ilikufa 2002, mwanzilishi Ton Roosendaal akachangisha euro 100,000 kwa watu mtandaoni, ikachukua wiki saba tu, na msimbo ukaachiliwa huru Oktoba mwaka huo. Leo bado ipo.

mzee_wa_mafaili
Fundi, umetaja mbili zilizofufuka. Makaburi hukuyahesabu.

Na hata anapopatikana mnunuzi, kwa kawaida anachukua mali, hachukui madeni. Amenunua ng'ombe, hakununua deni la majani. Miezi 11 ya karani haimhusu, labda aamue kuiheshimu ili asiwakimbize wateja. Insteon mpya walikuja kuanzisha malipo ya kila mwaka kwa huduma ambayo zamani watu hawakuilipia.

fundi_nyaya
Haya, hapo umenipata. Ila siombi akae bure akingoja. Aende benki, apakue data, na jina lake libaki kwenye orodha ya wanaotaka huduma irudi. Kungoja hakugharimu.

binti_wa_benki
Kunagharimu kama kunakupitisha siku 120.

chanzo_wazi
Turudi kwenye leseni ya maisha maana naona mmeizika haraka. Karani, hilo toleo la kompyuta linapiga hodi kwenye seva yao likifunguka? Jaribu hivi: zima intaneti kabisa, washa kompyuta upya, fungua programu. Ikifunguka, kuna matumaini siku ya 22 itafunguka pia. Kisha uliza swali gumu zaidi: ukiiweka kwenye kompyuta nyingine itakubali bila kuithibitisha kwao? Kama hapana, leseni yako ya maisha ina umri wa diski yako. Tengeneza nakala kamili ya diski, au ihamishie kwenye kompyuta pepe (programu inayoiga kompyuta nzima) wakati bado seva inajibu. Faili la kusakinisha lihifadhi mahali pawili.

Kisheria leseni haifi eti kwa sababu kampuni imekufa. Marekani, baada ya hukumu ya Lubrizol ya 1985 kuwatisha watu kwamba mkataba ukikataliwa kwenye ufilisi leseni nayo inapotea, Bunge liliongeza kifungu cha 365(n) mwaka 1988: mfilisi akiukataa mkataba wa leseni, aliyepewa leseni anaweza kuchagua kuendelea kutumia. Ulaya, kesi ya UsedSoft na Oracle ya 2012 ilienda mbali zaidi, kwamba leseni isiyo na ukomo uliyoilipia mara moja unaweza hata kuiuza kwa mwingine. Kutumia tu, lakini. Marekebisho, simu ya msaada, toleo jipya, hivyo vimekwenda na maji.

pilipili_kichaa
Na ile ya kuvunja kufuli ili isiulize seva? Nauliza kwa niaba ya rafiki 👀

mama_sheria
Mwambie rafiki asikimbie. Mahakama ya Ulaya mwaka 2021, kesi ya Top System, ilisema mnunuzi halali anaweza kuufungua msimbo ili kurekebisha hitilafu, kwa kiasi kinachohitajika tu na kwa kuheshimu mkataba. Marekani tangu 2015 kuna msamaha wa katazo la kuvunja kufuli kwa michezo ya video ambayo seva zake za uthibitisho zimezimwa, ucheze mwenyewe nyumbani. Hakuna kati ya hizo inayosema "vunja chochote". Na haki ya kunakili haifi na kampuni. Kuna mtu ataishika, hata kama leo humjui.

chanzo_wazi
Ukihamia kwingine, karani, mimi nitakupigia debe programu huria kama ulivyotarajia. Zina kero zake, nazo husinzia waandishi wakichoka. Lakini msimbo uko mkononi na unaweza kumlipa mtu yeyote auendeleze. Wakubwa hutumia njia nyingine, wanaweka msimbo kwa mtu wa tatu awe mwaminifu, ukabidhiwe kwa mteja kampuni ikifa. Kwa mtu wa stoo moja ni ghali, na ukikabidhiwa msimbo bila fundi ni sawa na kurithi meli huku hujui kuogelea.

binti_wa_benki
Kabla sijasahau, jihadhari na barua pepe za "wafilisi" wanaoomba ada ya kushughulikia dai lako. Habari ya kampuni kufa ikitoka, matapeli nao huisoma. Jina na anwani ya mfilisi vichukue kwenye tangazo rasmi, siyo kwenye kiungo ulichotumiwa.

karani_wa_stoo
Mrejesho, siku ya 9.

Benki wamepokea, walitaka ushahidi wa tarehe ya huduma kukoma, nimewapa ile barua pepe ya kwanza. Fomu ya mfilisi imeenda. Toleo la kompyuta linafunguka bila intaneti, ila kwenye kompyuta ya pili liligoma mpaka likathibitishwa kwao, kwa hiyo nimefanya kama alivyosema chanzo, liko kwenye kompyuta pepe. Na barua moja ya "mfilisi" anayetaka ada ilikuja kweli, dada wa benki una macho.

Ankara zote zimetoka na jumla zinalingana. Kasoro moja: picha za risiti. Kwenye CSV zimekuja kama viungo tu.

seva_haina_huruma
Hivyo viungo vinaelekea kwenye seva yao, vitakufa pamoja nayo. Pakua picha zenyewe sasa, na kila faili lipe namba ya ankara yake, vinginevyo utakuwa na gunia la picha zisizo na mwenyewe. Ziko ngapi?

karani_wa_stoo
2,300. Usiku huu nimefika ya 140.

seva_haina_huruma
Acha kubonyeza moja moja. Nitumie mistari mitano ya mwanzo bila majina ya wateja, nikuandikie skripti, programu fupi ya kuzipakua zote yenyewe.