Kuchimba Monero (sarafu ya kidijitali) kwa prosesa ya Ryzen 5 3600: thredi (kazi ambazo prosesa hufanya kwa pamoja) ngapi?

Wakuu, XMRig (programu ya kuchimbia) inaandika huge pages (kurasa kubwa za kumbukumbu) 0%. RAM ni kijiti kimoja cha GB 8. Niwashe thredi zote 12?

— Washa zote. RandomX (algoriti ya kuchimba Monero) hula MB 2 za kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) kwa kila thredi, na chipu hiyo ina MB 32. Hiyo 0%: kwenye Windows fungua programu kama msimamizi, kisha zima na uwashe kompyuta. Linux: sudo sysctl -w vm.nr_hugepages=1280

— Mkuu, kinachokubana ni hicho kijiti kimoja cha RAM. Ongeza cha pili kama hicho, nafasi A2 na B2 za ubao mama, kisha washa XMP (kasi kamili ya RAM) kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta).

— Na umeme je? Wati 120 usiku na mchana ni yuniti 2.88 kwa siku. LUKU haina huruma.