Mwarobaini badala ya antibayotiki kwa mbwa?

Jamani mbwa wangu ana vipele vya usaha tumboni, akimaliza dozi tu vinarudi, maji ya mwarobaini yanasaidia au stori tu?

— Maabara mwarobaini unaua bakteria kweli, ila ngozi yenye manyoya na mafuta ni kitu kingine, halafu ukichemsha majani mwenyewe nguvu yake huijui.

— Alovera angalia asilambe, ule utomvu wa njano unaharisha. Mafuta ya titrii (tea tree, yanatoka kwenye majani ya mti) ndo usiguse kabisa, ni sumu kwa mbwa na paka!!

— Vikirudirudi hivyo mara nyingi chini kuna mzio au viroboto. Daktari apime usaha, na muulize shampuu ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi), sio mmea lakini inapunguza kutegemea vidonge.

— Asanteni, viroboto anavyo kweli 😅