Deikea ya mtoto mwenye aleji ya korosho hapa Mtwara mjini, mngeangalia nini?

Mama Rayaan
Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo maana kichwa kinaniuma. Kijana wangu ana miaka miwili na miezi minne, ana aleji ya korosho, na mnajua tunakaa wapi jamani, Mtwara hii hii. Tuligundua mwaka jana msimu wa korosho, jirani alimpa kipande cha kashata kwa upendo tu, haikupita robo saa midomo imevimba kama kaumwa na nyuki, vipele mwili mzima, katapika mara mbili na kifua kinapiga mluzi. Tulipanda bajaji mpaka hospitali nalia njia nzima. Akachomwa sindano, wakatuweka mpaka usiku ndo tukaruhusiwa. Dokta kasema korosho marufuku, na karanga tuziache kwanza.
Sasa dada wa kazi ameaga anarudi kwao Newala, mimi likizo sina, baba yake yuko safari muda wote. Nimezunguka deikea tatu. Ya kwanza naambiwa "usijali mama, watoto hatuwapi korosho", huku uani naona ungo umejaa na watu wanabangua. Ya pili ukuta wote katuni, ada imechangamka, kuhusu aleji kanijibu "Mungu atasaidia". Ya tatu kajengo kakawaida tu ila yule mama alinihoji mpaka nikahisi ananikataa kiaina. Nyie mngechaguaje?

BintiMikindani
Aleji ya korosho Mtwara 😂 ni kama samaki awe na aleji ya bahari. Pole lakini shoga, mimi ningempeleka kwa bibi yake.

Mama Rayaan
Bibi yake ndo mbanguaji mwenyewe 😭

Babu wa Chikongola
Sisi tumekula korosho za kuchoma kwenye debe tangu hatujaota meno, hakuna aliyevimba. Watoto wa sikuhizi mnawadekeza, mzoeshe kidogo kidogo atakaa sawa.

NesiWaKusini
Shikamoo babu. Kwa heshima zote hapo hapana, mtoto aliyevimba midomo na kupiga mluzi hazoeshwi nyumbani hata kwa chembe, mara inayofuata inaweza kuwa mbaya zaidi. Na tusichanganye mambo, yale mafuta ya ganda yanababua ngozi ya mtu yeyote, ndo maana wabanguaji wanajipaka majivu au mafuta mikononi. Hii ya Rayaan ni mwili unaikataa punje yenyewe, uichome usiichome ni ile ile.
Mama Rayaan, deikea yoyote utakayochagua waulize hivi: akianza kuvimba saa nne asubuhi wewe uko kazini, nani anafanya nini? Wakisema "tunakupigia simu" hao bado. Simu ni baada ya mtoto kuwa njiani. Piriton, ile dawa ya aleji ya kumeza, inatuliza vipele na muwasho lakini koo likishaanza kubana haitoshi, kinachotakiwa ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na haraka. Kwa hiyo kaulize mwenyewe kituo cha afya kilicho karibu na deikea kama wanayo, usisubiri siku ya shida. Waachie namba ya dereva bajaji mnayemwamini na nauli kabisa kwenye bahasha. Wasimnyweshe maziwa wala mkaa. Kama amelegea alazwe chini, kama anahangaika kupumua aketishwe, asitembezwe. Na hata akipata nafuu aende tu, maana inaweza kurudi baada ya masaa.

Mama Kituo Lindi
Mimi nalea watoto mchana huku Lindi mwaka wa sita sasa, nikuambie kitu wazazi wengi hawaulizi. Wote mnauliza korosho, korosho inaonekana, hata kipofu anaijua kwa harufu. Uliza UJI. Uji wa lishe vituo vingi una karanga, na kuna watu wanaongeza korosho zilizovunjika maana huku kwetu ni rahisi kupata. Ukisema yeye atasagiwa wake peke yake, haya, umesagwa mashine gani? Kama mwenye mashine katoka kusaga karanga za mtu sasa hivi, unga wa mwanao unabeba mabaki. Halafu mwiko ni ule ule, kikombe ni kile kile, mboga ya jana ilikuwa kisamvu cha karanga.
Kwangu alikuwepo mtoto wa aleji ya mayai, chakula chake kilitoka kwao, vyombo vyake rangi tofauti na watoto wote wananawa kwa SABUNI kabla na baada ya kula. Ile jeli ya mikononi inaua vijidudu tu, mabaki ya chakula yanabaki. Na usiongee na madamu peke yake, kaa na mpishi. Madamu anaenda sokoni, benki, msibani, mpishi yupo. Omba kuona cheti cha ustawi wa jamii pia, ila cheti hakikorogi uji.
Huyo wa tatu aliyekuhoji ndo wako. Mimi mzazi akinitajia aleji nisipouliza kitu ujue sijamsikiliza.

BintiMikindani
"Cheti hakikorogi uji" naiba hii 😂

Mama Rayaan
Nimerudi na mrejesho. Nimeenda yule wa tatu saa ya uji bila kumwambia. Madamu kasema uji wao hauna karanga kabisa, nikaenda jikoni kumsalimia mpishi, nikamuuliza taratibu unaweka nini dada, akasema mahindi, ulezi, soya "na karanga kidogo, watoto wanaupenda". Madamu alikuwa nyuma yangu, kajishika kichwa. Hakumgombeza wala hakunidanganya, kasema hapo hapo unga huo anaugawa nyumbani na wiki ijayo anasaga mpya bila karanga, ila Rayaan aje na wake kwenye chupa. Hilo ndo limenifanya nimpe mtoto. Tunaanza Jumatatu, wiki ya kwanza nakaa naye nusu siku. Maelekezo ya nesi nimeyaandika kwenye karatasi nikabandika jikoni na mlangoni kwao, dereva bajaji kashapajua.
Natoka getini madamu ananiita, "mama Rayaan, mwezi wa kumi huwa naenda kuvuna korosho zangu Tandahimba, nikirudi nitakuwa naoga kwanza kabla ya kumbeba." Nimecheka peke yangu kwenye bajaji mpaka nyumbani.