Gumzo la ukoo: Bibi na majina ya wajukuu

Mama Mkubwa (Kibosho): Jamani, Krismasi hiyo inakuja na mama ana mawazo. Sura za wajukuu anazijua zote, majina ndiyo hayaji. Anaona kama anawakosea watoto.

Baba Mdogo (Dar): Shikamoo shemeji. Si ni uzee tu?

Shangazi (Moshi mjini): Uzee unachangia, kaka, lakini hata kijana jina humgomea. Sura ina sehemu yake kwenye ubongo, upande wa chini nyuma ya sikio, inaitambua papo hapo. Jina linatunzwa kwingine. Hipokampasi, sehemu nyingine ndani ya ubongo, ndiyo inayoyafunga pamoja, na jina halina pa kushika kwa sababu halikuelezi chochote kuhusu mtu. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza walionyesha watu sura za wasiowajua, wakawatajia majina na kazi zao. Kazi zilikumbukwa kwa urahisi zaidi, hata pale neno la kazi na la jina lilipokuwa moja.

Neema (Dar): Shikamooni wazazi. Nitume picha, jina limeandikwa juu?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Jina usiandike! Atalisoma na halitakaa. Mwonyeshwe sura, apewe nafasi alitafute mwenyewe, akishindwa ndipo aambiwe. Arudie kesho, halafu baada ya siku kadhaa. Kule kulitafuta ndiko kunakolikaza. Na alale vizuri, usingizi unasaidia kumbukumbu kutulia.

Mama Mkubwa: Upendo anamkumbuka kwa vituko. Yule wa pengo, aliyekataa machalari ya ndizi na nyama akataka ndizi mbivu tu.

Shangazi: Safi sana wifi, jina lipachikwe hapo hapo! Tena picha iwe ya Upendo akiwa migombani. Utafiti wa 2015 ulifanywa kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa na waya ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu. Seli iliyokuwa ikiitikia picha ya mtu ilianza kuitikia na mahali alipoonyeshwa, baada ya kuona mara chache tu.

Baba Mdogo: Kwa hiyo hospitali hakuna haja?

Shangazi: Kwa majina ya wajukuu anaowaona mara moja kwa mwaka, hapana. Akianza kutotujua sisi wanawe, au kupotea njia ya kanisani, tusingoje hata wiki.

Mama Mkubwa: Neema, tuma watatu watatu. Wote kwa mpigo utamchosha.

Neema: Sawa Mama Mkubwa. Kesho akishakunywa chai natuma, naanza na Upendo.