Ukoo wa Bibi Mwajabu: ajali ya Sadi

Mama Zai: Asalam alekum ndugu zangu. Sadi katoka tieta salama alhamdulillah, mguu umewekwa vyuma. Yule kijana wa Noah aliyemgonga kaja tena na maembe na juisi, anaomba tumalizane kifamilia atoe laki 3 ya dawa halafu tumsainie karatasi kwamba hatumdai tena. Analia jamani, mi naona yaishe tu

Mjomba Shomari: Waalekum salaam. Dada USISAINI KITU. vyuma vyenyewe vinaweza kuja kutolewa tena, hiyo hela atatoa nani

Sharifa: Shkamoo mamkubwa, shkamoo mjomba. Mamkubwa kumsamehe msamehe hakuna anayekukataza, ila hapa anayetakiwa kulipa ni bima ya gari sio mfuko wake, na hiyo karatasi ukiisaini ndo hiyo hiyo bima watakuonyesha kwamba mlishamalizana. Hapa ofisini kwetu watu wanakuja na magongo faili tupu, hata picha moja hawana

Hemedi: picha ninazo, nilipiga pale pale Rangi Tatu gari bado iko juu ya zebra, namba inaonekana na alama za breki pia

Sharifa: Umeua 👏 usizifute, usizikate wala kuchora chora juu. Stika ya bima?

Hemedi: hiyo hapana

Sharifa: Nitumie namba ya gari naicheki TIRA MIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki bima, saa hizi

Mjomba Shomari: na PF3 iko wapi?

Mama Zai: Ile fomu ya polisi? Ipo wodini, alibaki nayo nesi

Sharifa: Kesho uombe nakala mamkubwa, iwe imejazwa na daktari na kusainiwa, maana bila hiyo wanaweza kusema mguu kauvunjia mpirani. Polisi nako kuna ramani ya ajali, ukaguzi wa gari, baadae PF90 ile ripoti ya polisi ya ajali, na kesi ikienda mahakamani bima huwa wanataka na nakala ya hukumu. Sasa mkimalizana nyumbani jalada likafungwa hivyo vyote mtavitoa wapi

Baba Mdogo Kassim: Si mngoje mtoto apone kwanza. Haraka ya nini kumkomoa dereva maskini

Sharifa: Shkamoo baba mdogo. Kufungua madai sheria inatupa miaka 3, lakini ile sheli ya mkabala ina kamera na kamera zile zinarekodi juu ya za zamani, baada ya siku chache hakuna kitu. Mjomba nenda na mpelelezi, ukienda mwenyewe meneja hakupi

Mjomba Shomari: nampigia afande sasa hivi

Sharifa: Na hakuna anayekomolewa baba mdogo, hata ikiwa ni bima ndogo tu kazi yake ndo hiyo, watu aliowagonga

Zai: na hela anazokosa Sadi je? fundi aluminiamu salari slipu anaitoa wapi

Sharifa: Miamala ya simu ya miezi ya nyuma, daftari la oda, wateja wawili watatu wamwandikie barua. Angekuwa kaajiriwa halafu kagongwa akiwa kazini tungeenda na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Risiti zote pia, hadi bajaji ya kliniki dereva aandike kwa mkono aweke na namba yake

Mama Zai: Risiti zipo kwenye kimfuko cha dawa ila naona maandishi yanafifia

Sharifa: Za mashine ndo zilivyo. Zipigeni picha zote leo

Sadi: jamani niko macho. yule dada wa mihogo ndo alinishika kichwa na alimuona jamaa anaongea na simu, mtafuteni huyo

Hemedi: namjua anakaa pembeni ya kituo

Sharifa: Pole sana kaka. Hemedi chukua jina na namba, umsindikize polisi aandikishe maelezo kabla hajahama kijiwe

Mama Zai: Haya. Sasa huyu kijana yuko nje ananisubiri, nimwambieje?

Sharifa: Mwambie ahsante kwa maembe, akulete nakala ya leseni na ya bima. Karatasi yake mrudishie bila sahihi, ila kwanza uipige picha